Namna ya kuandika riwaya ya siri za familia na kijana anayejitafuta

Kama una wazo la riwaya ya kijana anayekuja kugundua kwamba nyumbani kwao kuna kitu alifichwa, na wazo lenyewe umekaa nalo miezi na miezi haliendi mbele wala halirudi nyuma, basi tuongee kidogo maana mi nimelala na kuamka na riwaya ya namna hii miaka kadhaa na nimeona wengi wetu tunaanzia pabaya. Tunaanza na siri yenyewe. Tunaitafuta iwe kubwa, iwe ya kumwangusha mtu kwenye kiti, baba kumbe siyo baba, dada kumbe ndiye mama, mali kumbe ni ya dhuluma, na tukishaipata tunaona kazi imekwisha, kilichobaki ni kuificha mpaka sura ya mwisho. Msomaji akifika huko kwenye sura ya mwisho kashachoka zamani, au kashaotea tangu sura ya tatu na anakusubiri tu umalize.

Kilichokuja kunifungua macho ni hiki: siri siyo tukio. Tukio lilishapita, limepita miaka 20 iliyopita, limekufa. Siri ni kazi. Ni kazi ya kila siku na kuna mtu anaamka asubuhi anaifanya. Yeye ndiye anaamua picha ipi itundikwe ukutani na ipi ikae chini ya godoro, anajua swali gani likianza kuulizwa ageuze maneno, anakumbuka alimdanganya nani, kwa neno gani na mwaka gani, ili asije akajipinga mwenyewe, na mtoto wake akirudi shule na ile karatasi ya kujaza jina la baba anahisi tumbo linamkata. Ukiiandika hiyo kazi vizuri, siri hata ikiwa ndogo tu riwaya inasimama. Usipoiandika, hata uweke mauaji matatu na mapacha waliotenganishwa haitakusaidia.

Kwa hiyo yote nitakayosema huko chini yanatoka hapo.

Anza na daftari ambalo msomaji hataliona

Kabla hujaandika hata sentensi moja ya riwaya, chukua daftari pembeni, au fungua faili jingine kwenye laptopu, uandike kilichotokea siku ile ya siku zile. Andika kwa mfuatano wa kawaida, bila mbwembwe, bila taharuki, kama mtu anayetoa maelezo polisi. Nani alikuwa wapi, saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, nani alisikia akiwa chumba cha pili, nani alilipa, nani alisafiri usiku uleule. Kurasa tatu nne zinatosha. Najua inaonekana kama kupoteza muda lakini bila hizo kurasa utafika katikati ya riwaya ukute hujui kwa nini bibi anamchukia mjomba, na utaanza kubuni sababu za kuziba pengo, na sababu za kuziba pengo msomaji anazinusa kama nguo iliyoungua pasi.

Ukishamaliza hapo orodhesha walinzi. Mi nawaita walinzi wa siri, wale wote wanaojua kitu. Kwa kila mmoja jiulize anajua kipande gani hasa (hakuna anayejua yote, kumbuka hilo), alikijuaje, kukaa kimya kunamsaidia nini, na anaogopa nini kikitoka. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, sasa kwenye familia kata ni nyingi na kila moja imechota kwa kina chake. Shangazi anajua mtoto siyo wa kaka yake ila hajui ni wa nani. Babu anajua ni wa nani ila anaamini mama alidhulumiwa, kumbe mama alipenda. Mama anajua yote isipokuwa kitu kimoja, kwamba mumewe naye anajua. Hicho kitu kimoja kina uzito kuliko siri yote! Mume anajua mtoto siyo wake, amejua tangu siku ya kwanza, amemlea miaka 22 na hajawahi kumwambia mkewe kwamba anajua. Kaa na huyo mwanaume nusu saa tu halafu uniambie kama unahitaji mauaji.

Na tafadhali usiweke mtu anayeficha kwa sababu ya ubaya tu. Watu wanaficha kwa aibu, kwa mapenzi, kwa woga, kwa ahadi waliyompa mtu ambaye alishakufa, mara nyingi vyote kwa pamoja. Angalia Charles Dickens, mwandishi aliyekuwa maarufu kuliko karibu wote wa zama zake. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gereza la wadaiwa la Marshalsea pale London, na yeye akiwa na miaka 12 alipelekwa kibaruani kwenye kiwanda cha dawa ya viatu, kazi yake kufunika vikopo na kubandika lebo. Alikuja kuwa tajiri, jina kubwa, na jambo hilo akalifunika, alimsimulia rafiki yake John Forster lakini wasomaji hawakulijua mpaka alipokufa mwaka 1870 na Forster akatoa kitabu cha maisha yake. Kinachonishika mimi siyo kiwanda. Ni kwamba baba alipokuja kumtoa, mama yake alitaka arudishwe kazini, na Dickens aliandika kwamba hilo hakuwahi kulisahau wala asingeweza kulisahau. Unaona? Kinachofichwa juu ni umaskini, chini yake kuna kidonda kingine kabisa, mama alitaka nirudi. Kwenye daftari lako tafuta hicho cha chini. Siri ya juu inampa msomaji hamu ya kufungua ukurasa, ya chini ndiyo inamliza.

Piga hesabu mwenyewe, usimwachie msomaji akukamate

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo riwaya nyingi nzuri zinapovuja.

Mimba inahesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na tangu kutungwa kwenyewe ni kama siku 266. Chukua kalenda kabisa. Tuseme kijana wako kazaliwa tarehe 15 Oktoba, ukirudi nyuma siku 266 unaangukia tarehe 22 Januari. Sasa anayeitwa baba, kwa mujibu wa mihuri kwenye pasipoti yake ya zamani, aliondoka mwanzoni mwa Desemba akarudi mwisho wa Machi. Kijana amekaa stoo, pasipoti ipo kwenye goti, anahesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, anakosea, anaanza upya. Anapata miezi sita na nusu. Anajiambia labda nilizaliwa njiti. Anatulia kidogo, karibu arudishe pasipoti kwenye boksi. Halafu anakumbuka kadi yake ya kliniki ipo mulemule, anaitafuta, anaifungua, uzito wa kuzaliwa kilo 3.4. Wa miezi sita na nusu hafikishi hata kilo mbili. Hapo hakuna mtu aliyeongea wala aliyelia, kuna namba tu, na msomaji amehesabu naye kwa vidole vyake. Onyesho kama hilo ukilipata usiliharibu kwa kumfanya apige kelele. Mwache arudishe vitu kwenye boksi kwa mpangilio uleule aliovikuta, maana hapo hajajijua lakini ameshaanza kazi ya kuficha, na hili nitalirudia.

Kuhusu damu. Wengi wanapenda kutumia makundi ya damu, ni sawa, lakini jua mipaka yake. Wazazi wote wawili wakiwa kundi O hawategemewi kuzaa mtoto wa A wala B, na mzazi wa AB kwa kawaida hazai mtoto wa O (zipo hali chache sana za ajabu, daktari anaweza kuzitaja na ukitaka kumpa kijana tumaini la uongo kwa sura mbili tatu mpe hapo). Ila damu inamtoa mtu tu, haimuweki. Inaweza kusema huyu siyo baba, haiwezi kusema baba ni fulani. Daktari Karl Landsteiner alieleza makundi haya mwaka 1901 kwa hiyo hata riwaya ya miaka ya 1950 inaweza kuyatumia. Macho na sura ndiyo usitegemee kabisa, watoto wanafanana na babu wa babu yao na hakuna kesi, tumia sura kwa ajili ya umbea wa majirani siyo kwa ajili ya ushahidi.

DNA ni habari nyingine. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kutambua watu kwa DNA mwaka 1984, kwa hiyo hadithi yako ikiwa ya 1975 hakuna wa kupima DNA, watu wanabaki na makundi ya damu na maneno yao tu na hilo kwa mwandishi ni zawadi. Kesi ya kwanza kabisa iliyotumia njia hiyo, mwaka 1985, ilikuwa ya kijana aliyekuwa anarudi Uingereza kwa mama yake akitokea Ghana, maafisa wa uhamiaji hawakuamini kama ni mwanae, baba hakuwepo wa kupimwa, ikabidi wampime mama na ndugu zake, na ikathibitika ni mwanae kweli. Nikiifikiria kesi hiyo namuona yule kijana amekaa kwenye benchi anasubiri karatasi imwambie kama mama yake ni mama yake, wakati yeye anajua tangu azaliwe.

Halafu kuna kitu waandishi wanakiruka na ni dhahabu. Mtoto anachangia na mzazi asilimia 50. Lakini karibu asilimia 25 anaweza kuwa ndugu yako wa baba mmoja tu au mama mmoja tu, anaweza kuwa mjomba au baba mdogo, anaweza kuwa babu. Kipimo kikirudi na 25 kinasema ni damu yako ya karibu, basi, hakisemi ni nani. Kijana anayejitafuta akipata karatasi yenye 25 ana milango mitatu mbele yake na kila mlango una mtu hai nyuma yake. Mwache aufungue usiokuwa wenyewe kwanza. Amwite mtu kaka, wapendane, wasafiri pamoja, halafu umri na tarehe zianze kukataa.

Sasa kijana mwenyewe

Riwaya hizi zinakufa pale kijana anapokuwa tochi tu, anazunguka kumulika maisha ya wengine na yeye hana maisha. Sura nzima anauliza maswali, anajibiwa, anaenda kwa mwingine. Hapana. Mpe kitu anachokitaka ambacho hakihusiani kabisa na siri. Anataka kuoa, anataka kuacha chuo, ana kazi anaipenda na anakaribia kuipoteza. Siri imkute yuko njiani kwenda kwenye jambo lake.

Na swali la mimi ni nani lisiishie kwenye baba yangu ni nani, haya ni maswali mawili na kosa kubwa ni kudhani la pili likijibiwa na la kwanza limejibika. Yule mtaalamu wa saikolojia aliyelipa jina jambo hili, mgogoro wa utambulisho, Erik Erikson, maisha yake mwenyewe ni ushahidi. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, mama yake Mdenmarki wa Kiyahudi, baba mzazi hakumjua mpaka anaingia kaburini. Mama aliolewa na daktari wa watoto aitwaye Theodor Homburger na mtoto akaambiwa huyo ndiye baba yako. Lakini kijana alikuwa mrefu, nywele za dhahabu, macho ya bluu, kwenye sinagogi wenzake wanamcheka anafanana na watu wa kaskazini, shuleni wanamcheka ni Myahudi. Kote kote siyo wao. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 alibadilisha jina akajiita Erikson, mwana wa Erik, yaani mwana wa yeye mwenyewe kama watu wanavyolitafsiri. Mtu hakupata jibu la baba ni nani, na bado alijijengea jina. Kwa hiyo kwenye riwaya yako inawezekana kabisa kijana asimpate baba na kitabu kikamilike, na inawezekana akampata ukurasa wa 150 na bado hajui yeye ni nani ukurasa wa 300.

Nilichokuja kuamini ni kwamba kijana wa namna hii amejengwa na mashimo. Amekua kwenye nyumba ambayo kuna maswali hayaulizwi, akajifunza bila kufundishwa kwamba upande ule hatuendi, na hiyo imemfanya kuwa mtu wa aina fulani, mpole kupita kiasi, au mchekeshaji, au mtu wa kusoma uso wa mama yake kabla hajafungua mdomo. Andika hizo tabia sura za mwanzo kama tabia tu, usizieleze. Siri ikija kutoka msomaji atarudi nyuma mwenyewe aseme ahaa, kumbe ndiyo maana anacheka kila ukimya ukiingia.

Halafu nisikilize vizuri hapa, katikati ya riwaya, pale ambapo wengi tunakwama na kuanza kuongeza safari na wahusika wapya, mfanye kijana awe mlinzi. Ameshajua nusu. Ana mdogo wake wa kike hajui kitu. Mdogo anamuuliza kaka mbona siku hizi huongei na mama, naye anamjibu hamna kitu, nimechoka tu. Basi. Huyo ambaye kurasa 150 amewalaani waliomdanganya amedanganya, kwa sauti ileile ya mama yake, kwa sababu ileile, kumlinda mtu anayempenda. Kuanzia hapo hawezi tena kuwahukumu kirahisi na msomaji naye hawezi. Mi rasimu yangu ilikaa imekufa miezi minane mpaka siku nilipoandika hiyo "hamna kitu, nimechoka tu", na sikuwa nimepanga, ilikuja tu nikajua nimefika.

Kiswahili chenyewe kinaficha, kitumie

Hili linaniuma kidogo maana naona watu wanaandika riwaya za siri kwa Kiswahili kama vile wametafsiri filamu. Lugha yetu ina mifuko ya kufichia vitu ambayo lugha nyingine nyingi hazina.

Kwanza hatutaji jinsia kwenye kitenzi. "Alikuja usiku, akamchukua mtoto, hakuaga." Mwanaume au mwanamke? Msomaji atajiwekea picha mwenyewe, na picha hiyo inaweza kukaa sura kumi kabla hujamwonyesha kwamba aliyekuja usiku alikuwa bibi. Hujadanganya hata neno moja. Ila uwe mwaminifu, usije ukaandika sehemu nyingine "yule bwana" halafu ukajitetea.

Pili majina ya undugu. Sisi mjomba ni kaka wa mama, baba mdogo na baba mkubwa ni upande wa baba, shangazi dada wa baba. Maana yake familia ikidanganya kuhusu baba, inalazimika kudanganya kwenye kila salamu. Mwanaume aliyefundishwa aitwe mjomba miaka yote, kumbe ni mdogo wake baba halisi, kila mtoto akimwita mjomba anameza kitu. Na ulimi wa mzee hauna breki, bibi kachoka, joto, anamtuma mtoto "kampe baba'ko mdogo hii," na mtoto anasimama anauliza nani, na bibi anasema mjomba, nimesema mjomba, we masikio yako vipi. Mistari mitatu hiyo. Iweke sura ya pili katikati ya mambo mengine, mapema, isahaulike.

Tatu, mwanangu, baba, mama, tunamwita yeyote. Mtu mzima yeyote anaweza kumwita kijana mwanangu na hakuna atakayegeuka. Kwa hiyo unaweza kumweka baba halisi mbele ya macho ya wote, anamwita kijana "mwanangu" kila siku, na ni kweli. Siku kijana atakapojua, neno hilohilo litabadilika uzito bila wewe kuongeza hata kivumishi. Vilevile angalia vitenzi, kuzaa na kulea, mama mzazi, mama mlezi, baba wa kambo, mama anayesema "nilipompata huyu" wakati wenzake wote wanasema "nilipomzaa", mwandishi akiwa makini na hivyo vitenzi viwili tu ameshapanda dalili kitabu kizima.

Kutoboa siri

Usisubiri mwisho. Siri ikitoka kwenye kurasa tano za mwisho umemnyima msomaji kitu alichokilipia, yaani kuona watu wanaishije wakishajua. Mi naiweka theluthi mbili, hapo hapo kama ukurasa wa 200 kwenye kitabu cha 300, na kurasa 100 zilizobaki ni za nyumba ambayo kazi ile ya kuficha imekoma na watu hawajui wafanye nini na mikono yao.

Mwanafalsafa Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alizipanga namna za mtu kutambulika kwenye tamthilia, na ya chini kabisa aliyoiona haina ufundi ni ile ya alama, kovu, mkufu, vitu vya namna hiyo. Ya juu kabisa ni ile inayotoka kwenye matukio yenyewe, mambo yanakwenda mpaka yanafichuana. Mpaka leo ni vilevile. Barua iliyokutwa darini, shajara ya marehemu, mzee anayekata roho akisema "mwanangu kuna jambo sijakuambia", hizo ni alama. Siyo kwamba ni haramu, barua ni kitu cha kweli na watu wanaziweka, ila barua imfanye kijana aulize swali, isimpe jibu. Jibu litoke kwa mtu hai ambaye ana cha kupoteza. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mzee kitandani hospitali anasimulia kurasa 11 mfululizo na kufa palepale alipomaliza. Niliitoa yote. Nikamweka hai, mzima, anakataa kusema, na kukataa kwake kukanipa sura nne.

Na mazungumzo ya kutoboa yawe mafupi kuliko unavyodhani. Mtu aliyebeba kitu miaka 20 hatoi hotuba. Jaribu hivi:

Mama alikuwa anakunja nguo. Kijana akaweka kadi ya kliniki juu ya shuka.

"Mama, hapa kwenye jina la baba pamekwanguliwa na wembe."

Mama akalikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena vilevile.

"Umeitoa wapi?"

"Nimekuuliza pamekwanguliwa na nani."

"Funga mlango, mdogo wako asisikie."

Sijamwandikia mama kukiri popote, lakini "funga mlango" ni kukiri. Anajua ni kadi gani, anajua kuna cha kusikika, na jambo la kwanza lililomjia kichwani ni mtoto mwingine ambaye bado anamlinda. Ukitaka kujua kama onyesho lako limekaa sawa futa kila sentensi inayotaja siri kwa jina lake halafu soma kilichobaki. Kama bado kinaeleweka, acha hivyo.

Kisengerenyuma kitumie kwa uchache. Kila unapomrudisha msomaji miaka 20 nyuma kumwonyesha kilichotokea unamnyang'anya raha ya kukijenga mwenyewe. Mi nafsi ya kwanza, kijana anasimulia, naona inafaa zaidi, kwa sababu anajua kidogo na msomaji anajua kidogo, ila kama unataka yule mume anayejua na hasemi aonekane kwa ndani basi utahitaji nafsi ya tatu kwa sura zake. Amua mapema maana kubadilisha baadaye ni kuandika upya kitabu.

Ukimaliza rasimu pitia onyesho kwa onyesho na kalamu za rangi, rangi moja kwa kila mlinzi, weka alama pembeni nani anajua nini dakika hiyo. Utakuta mtu anashtuka kwa habari ambayo sura mbili nyuma alikuwa chumbani inaposemwa. Inatokea kwa kila mtu.

La familia yako mwenyewe

Lazima niliseme maana wengi tunaanza kuandika haya kwa sababu yametukuta. Kuna jambo shangazi yangu mmoja aliniambia usiku akiwa mgonjwa, na aliponiambia hakujua naandika. Nilitamani kulitumia, lilikuwa limekaa kama riwaya tayari. Sikulitumia. Nilichukua kitu kimoja tu, jinsi alivyoshika kona ya shuka akaisokota muda wote akiongea, na nikampa mtu mwingine kabisa kwenye hadithi nyingine kabisa. Ya shangazi yamebaki ya shangazi. Kama unaandika yanayofanana na ya kwenu badilisha zaidi ya majina, badilisha kazi, mpangilio wa kuzaliwa, namna ilivyotokea, mpaka ndugu yako akisoma aone maumivu anayoyajua lakini asijione yeye. Na kama kuna mtu hai ambaye akitambulika ataumia au ataachwa, mwambie kabla hujachapisha, umwombe. Akikataa una kazi ya kubuni, na kubuni ndiyo kazi yenyewe.

Sura ya mwisho siwezi kukuandikia ila nakuomba usiwapatanishe wote. Baadhi hawatasemezana tena. Kwangu niliishia kwenye ukuta wa sebuleni, picha moja imeongezwa, haijanyooka, na mdogo wa kike anauliza huyu nani, na safari hii yule mume, yule aliyekuwa anajua siku zote, ndiye anayeanza kujibu.

Ukikwama katikati, na utakwama, rudi kwenye lile daftari la pembeni uangalie orodha ya walinzi, tafuta ambaye hujawahi kumpa sura, umwandikie siku yake moja tangu anaamka mpaka analala, kila mahali anapogeuza maneno, kila droo anayohakikisha imefungwa. Labda haitaingia kitabuni. Andika tu.